Silki, kienyeji au chotara wao: yupi anakufaa ukiwa Tanga

Nyuma ya nyumba yangu hapa Makorora kuna mabanda mawili yanayotazamana. La upande wa mwembe ni la kuku aina ya silki, leo wako 11. La upande wa ukuta ni la kienyeji, na hao siwezi kukutajia idadi kwa hakika kwa sababu wanashinda nje na wengine wana tabia ya kulala kwa jirani. Mwezi uliopita alikuja binti wa kaka yangu kutoka Pongwe. Akasimama katikati ya mabanda, akatazama huku, akatazama kule, kisha akasema, "Shangazi, na mimi nataka kufuga. Nianze na hawa wa manyoya au hawa wetu?"

Nikampa kigoda akae. Swali hilo naulizwa mara nyingi, na mara nyingi anayeuliza ameshaamua: kaona picha ya silki mweupe kwenye simu, moyo umeshakwenda. Simlaumu, hata mimi nilianza hivyohivyo. Lakini kufuga silki na kufuga kienyeji ni kazi mbili, na hapa kwetu pwani, penye joto, unyevu, kunguru na masika, utaiona tofauti yake kabla mwaka haujaisha.

Silki ni kuku gani

Ukimshika kwa mara ya kwanza unadhani umeshika sufi, ile inayomwagika ganda la msufi likipasuka. Chini ya sufi hiyo kuna mwili mdogo kuliko ulivyotarajia. Pulizia manyoya ya kifua yafunguke, utaona ngozi ya rangi ya wino. Nyama yake nyeusi, mifupa yake myeusi. Mguuni ana vidole vitano, na kuku wengi wengine wana vinne. Ndewe za masikio zina rangi ya feruzi, kichwani ana kishungi cha mviringo, na upanga wa jogoo haukukatwa kama msumeno, ni kinundu chenye vipele kama tunda la forosadi.

Asili yao ni Asia, na China ndiko walikozoeleka zaidi. Huko huitwa kuku wa mifupa myeusi, na supu yao hupewa mwanamke aliyejifungua, kama sisi tunavyompa mzazi supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga. Marco Polo, yule msafiri wa Venice wa karne ya 13, alisimulia habari za kuku weusi wenye nywele kama za paka. Marekani waliwaingiza kwenye orodha rasmi ya aina za kuku mwaka 1874. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani silki ametengenezwa maabara juzijuzi. Ni kuku wa zamani sana.

Nyama yake inaliwa, na akichinjwa ipasavyo ni halali kama kuku mwingine yeyote. Ila jogoo mzima ana kati ya kilo 1 na 1.8 kutegemea ukoo, jike ni pungufu ya hapo. Anayetaka kitoweo au jogoo wa kuuza sokoni Mgandini, jibu lake ni kienyeji, na akitaka umbo kubwa atafute kuchi. Hapo hapana mjadala, tuendelee.

Mvua ndiyo itakayokuamulia

Unyoya wa kuku wa kawaida una vijikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinashikana kama makuti yaliyosukwa vizuri, na maji yakianguka yanateleza. Unyoya wa silki hauna vijikulabu hivyo. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana maji yanapita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi. Kwa sababu hiyohiyo silki haruki. Bawa lake halikamati upepo.

Masika moja nilikwenda harusini Pangani, nikalala huko. Nyumbani mlango wa banda la silki haukufungwa jioni. Usiku ikashuka mvua ile ya mwezi wa nne, ya kwenda mpaka asubuhi. Niliporudi, kienyeji walikuwa wamepanda juu ya mwembe na wengine wamejibana kwenye upenu wa jiko, wamelowa migongo tu. Silki wanne walikuwa pale pale uani walipokuwa tangu magharibi, wamesongamana, wameloa hadi wanaonekana ukubwa wa njiwa. Niliwakausha kwa taulo na kuwaweka karibu na jiko la mkaa. Wawili walipona. Wawili walikufa kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo gharama ya silki inaanzia kwenye banda. Bati lisivuje hata tone. Sakafu iinuke juu ya usawa wa uani, maana Tanga maji yakituama hayaondoki leo. Ukuta uwe mzima upande inakotokea mvua, pande nyingine tia wavu upepo upite. Chini weka maranda makavu ya mbao na uyabadilishe yakianza kushikana ukiyafinya mkononi. Kichanja cha kulalia kisizidi kama sentimeta 30 kutoka chini, na ukiwawekea kibao cha mteremko watakushukuru, kwani wengi hawajishughulishi kupanda kabisa. Hulala chini kwa rundo.

Kienyeji anataka tu mahali palipoinuka, pakavu kiasi, pasipofikiwa na kicheche. Nisieleweke kwamba hastahili banda zuri, anastahili. Ila banda baya litampunguzia mayai, na silki litamuua.

Joto nalo watu hulihofia kuliko inavyostahili. Januari hadi Machi silki huhema mdomo wazi mchana, kweli, lakini akiwa na kivuli cha mti, maji yanayobadilishwa mara mbili na upepo, anavuka. Mshindi wa joto ni kishingo wetu, yule asiye na manyoya shingoni. Huyo saa nane mchana bado anachakura.

Kutamia: hapa ndipo silki anapojilipia

Kienyeji ni mama hodari, tusimvunjie heshima. Hutaga mayai 12 hadi 15, akakaa, akatoa, akalea, na kwa mwaka utapata kama mayai 40 hadi 60 kwa jumla. Silki aliyetunzwa vizuri hutaga 100 hadi 120, madogo, ya rangi ya maziwa. Hesabu hiyo isikudanganye lakini: silki hukatiza kutaga kila mara kwa sababu ya hamu ya kutamia.

Na hamu hiyo ni kitu cha kuona. Tetea wa kienyeji anachagua mwenyewe. Atakwenda kwenye kichaka cha jirani, umtafute wiki tatu, arudi na vifaranga au asirudi. Ukimhamisha kiota mara nyingi anasusa. Silki unamchukua, unamweka kwenye boksi lenye majani makavu, unamtia mayai yoyote yale, na anajipanua juu yake kama keki ya kumimina. Atakaa kwenye mayai ya kanga siku 26 hadi 28. Atakaa kwenye ya bata siku 28 au zaidi kutegemea aina. Nimemkuta mmoja amekalia embe bichi lililoanguka.

Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nimshauri mfugaji wa kawaida awe na silki wawili watatu hata kama hapendi mapambo. Wanaofuga Sasso au Kuroiler wanajua: kuku hao wanakua haraka, lakini kwa kawaida hawatamii. Nao kienyeji ukitaka watage zaidi, unawanyang'anya mayai na kumpa silki alalie. Mmoja atage, mwingine aangue.

Mipaka yake ipo. Silki ni mdogo, anafunika vizuri mayai 6 au 7 ya kienyeji, au 8 hadi 10 ya kwake. Ukimjazia 13 kama tetea wa kienyeji, ya pembeni yatapoa na yote yataharibika kwa zamu, kwa kuwa anayageuza geuza. Siku ya 7 mulika kwa tochi usiku, utoe yasiyo na mbegu, na siku ya 14 rudia utoe yaliyofia njiani. Viza likipasuka chini ya silki, sufi yake haioshwi kirahisi.

Tena anasahau kula. Kila asubuhi baada ya chai namnyanyua silki anayetamia, mikono chini ya kifua, taratibu, maana yai huweza kuwa limenasa kwapani. Namweka karibu na maji. Husimama kidogo kama aliyeamshwa usingizini, kisha anatoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, anakunywa, anadonoa pumba na dagaa, anajigaragaza kwenye majivu, na ndani ya dakika 15 au 20 amekwisha rudi. Asiponyanyuliwa wengine hukaa siku mbili bila kushuka na wanamaliza siku 21 wakiwa mifupa mitupu. Na kama hana mayai lakini bado amekazana kukaa, mtoe kiotani umweke kwenye kitundu chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, upepo umpite tumboni, siku tatu zinatosha kumzindua.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawaambiwi: kabla mayai hayajaanguliwa, punguza kwa mkasi manyoya marefu ya tumboni na miguuni. Sufi ile hujisokota kuwa uzi, na kifaranga akiingiza shingo humo anaweza kunyongeka mama yake hana habari.

Mashine ya kutotoleshea? Ni nzuri kwa mwenye mayai mengi na umeme wa uhakika. Inataka nyuzi joto 37.5 bila kuyumba, mayai yageuzwe, na unyevu uongezwe siku tatu za mwisho. Umeme ukikatika usiku wa siku ya 19, utayajua machungu yake. Kwa mayai chini ya 30 kwa mwezi, mimi sioni haja. Silki watatu wanaifanya kazi hiyo kwa pumba, tena wanalea.

Mayai yenyewe yatunzwe. Joto la chumba hapa Tanga mwezi wa pili linatosha kukiamsha kiini polepole, kisha kikafa kabla hujamkalisha kuku. Mimi naokota kila siku, naandika tarehe kwa penseli, naweka kwenye kikapu pembeni ya mtungi wa maji, ncha nyembamba chini, na sivuki siku 5. Friji ni baridi mno, usiweke humo.

Kunguru na macho yaliyofunikwa

Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani nzima, ndio adui wa kwanza wa kifaranga Tanga. Kienyeji akisikia mbawa tu anatoa mlio, vifaranga wanaingia chini ya kitu, na yeye anaruka kumkabili. Nimewahi kumwona tetea wangu mwekundu amemng'oa kunguru manyoya.

Silki ana moyo uleule, lakini haoni. Kishungi kimemfunika macho, anachotambua ni kilicho mbele ya mdomo wake. Kunguru hushuka kwa nyuma. Kwa hiyo vifaranga wa silki wabaki ndani ya wavu, hadi juu, angalau wiki 8, na mama apunguzwe nywele za kuzunguka macho. Wengine huwafunga kishungi kwa mpira laini wa nywele, inafaa, mradi usikaze. Kienyeji unaweza kuwaachia mapema, ukikubali kwamba wachache watapotea.

Afya: dalili zilezile, tafsiri mbili

Hapa ningependa usome taratibu, kwa kuwa ndipo kuku wengi wanapokufa mikononi mwa watu wenye nia njema.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauchagui. Unafagia silki na kienyeji kwa siku chache. Chanjo yake iitwayo I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, ni tone moja jichoni, kuku wa umri wowote, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja huwa ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo jiungeni majirani. Ukichanja silki wako wa thamani ukawaacha kienyeji wa jirani, hujafanya kitu kamili.

Tofauti inakuja kwenye kusoma mwili. Kienyeji unamsoma upanga: ukiwa mwekundu ana afya, ukipauka ana minyoo au damu imepungua, ukigeuka samawati ana hali mbaya. Silki upanga wake ni wa rangi ya zambarau nyeusi tangu azaliwe, haukuambii kitu. Ndui nayo, inayoenezwa na mbu, kwa kienyeji utaona vipele mapema. Kwa silki vimejificha chini ya ndevu, na vipele vyeusi juu ya ngozi nyeusi. Hapana njia ila kumshika. Kila Ijumaa asubuhi nawapitisha mikononi mmoja mmoja: napapasa mfupa wa kidari kama umechongoka, natazama jicho, nafunua ndevu, nafunua chini ya mkia.

Chini ya mkia ndipo pa utitiri. Kwenye sufi nene wanajenga mji mzima kabla hujawaona. Kienyeji anajisaidia mwenyewe kwa kuoga vumbi chini ya mti. Silki naye mpe karai la mchanga mkavu na majivu, likae ndani pasipolowa. Miguu yenye manyoya huingia utitiri wa magamba, magamba yanainuka yakiwa na unga mweupe. Mafuta ya nazi, yapakwe vizuri mpaka chini ya magamba, mara mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa, yanawaziba pumzi wadudu hao. Pakaza kuku wote wa banda hilo.

Sasa shingo kupinda. Kienyeji akipinda shingo, wazo la kwanza ni mdondo, na mara nyingi ndivyo. Silki ana sababu nyingine. Baadhi yao fuvu halifungi juu. Pana uwazi kama utosi wa mtoto mchanga, umefunikwa na ngozi na kishungi tu. Akidonolewa hapo na jogoo wa kienyeji, au akijigonga, ubongo unaumia na shingo inajikunja mpaka anatazama juu au anarudi kinyumenyume. Upungufu wa vitamini E nao huleta hali hiyo. Namna ya kutofautisha: mdondo haumpati mmoja, unakuja na kuhara kijani, kuhema kwa shida, na vifo. Silki aliyepata pigo yuko peke yake, na ukimwekea chakula mdomoni anameza kwa hamu.

Niliuguza mmoja hivyo, tetea mweupe. Kila magharibi namkalisha mapajani, namshika kichwa kwa vidole viwili kisitikisike, namdondoshea uji mwembamba wenye kiini cha yai kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, na kwenye maji mchanganyiko wa vitamini wenye E na seleniamu. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu alisimamisha kichwa mwenyewe kwa muda wa kuhesabu 10. Ya tano alidonoa. Leo ni mmoja wa mama wangu bora. Watu walikuwa wananiambia nimchinje, na nafurahi sikuwasikiliza.

Kwa sababu ya utosi huo, usiwachanganye silki na kienyeji banda moja. Hili silibembelezi. Kienyeji hana ubaya, ni kuku, na kuku hudonoana vichwani.

Silki pia ni wepesi kupatwa na ugonjwa wa Marek. Dalili yake ni mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha kupooza. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza baada ya kuanguliwa, na dawa ya kutibu hakuna. Virusi husafiri na vumbi la manyoya, kwa hiyo vifaranga na mama yao wakae mbali na kuku wakubwa wengine katika wiki za mwanzo. Na kuhara damu, kunakoletwa na vijidudu vinavyostawi kwenye maranda mabichi, humpata zaidi silki kwa vile hulala chini. Amproliamu kwenye maji hutibu, lakini sakafu kavu ni nafuu zaidi.

Jogoo, mayai yenye mbegu, na ukoo

Jogoo mmoja wa kienyeji anatosha matetea 10. Silki usizidishe 5 au 6, na hata hapo mayai yanaweza kukosa mbegu kwa sababu ya sufi tu. Punguza manyoya kuzunguka tundu la chini ya mkia, kwa jike na dume, utaona mabadiliko.

Kienyeji wa wiki 8 unajua dume na jike. Silki hujui mpaka miezi 4 au 5, wakati mwingine awike ndipo uamini. Kishungi cha jike hubaki mviringo kama kofia. Cha dume huanza kuchomoza vinywele vinavyoelekea nyuma. Niliwahi kununua vifaranga 6 nikiambiwa ni majike. Wanne waliwika.

Kubwa kuliko yote ni damu. Silki wa Tanga ni wachache, na wengi wamekwisha kuwa ndugu. Ukizalisha kaka na dada mizao miwili mitatu, utaona mayai hayaangui, vidole vinajikunja, midomo inapishana. Wafunge pete za rangi miguuni, andika nani kazaa nani, na kila mwaka au miwili badilishana jogoo na mfugaji wa mbali. Kienyeji wetu wana damu iliyochanganyika kwa karne nyingi, tatizo hilo kwao ni dogo.

Usimzalishe aliyepinda shingo bila sababu ya pigo inayojulikana, wala mwenye madoa meupe ya ngozi kama unauza kwa watu wanaojua silki. Kuhusu rangi: ukitaka buluu, mweusi kwa yule mweupe mwenye madoadoa ya buluu hutoa buluu watupu, buluu kwa buluu hutoa nusu buluu, robo weusi, robo madoadoa.

Njia ya tatu: chotara

Mpandishe jogoo wa silki kwa tetea wa kienyeji. Vifaranga watatoka na manyoya ya kawaida, maana sufi ni sifa inayojificha. Wengi watakuwa na kidole cha tano na kashungi kadogo. Na majike watarithi ile hamu ya kutamia. Uingereza walinzi wa mashamba ya ndege wa kuwinda walitumia chotara wa silki kuangulia mayai yao, na mimi naona walipatia. Chotara anamwaga maji mgongoni, anaona mbele na nyuma, ana mwili wa kufunika mayai 10, na hasusi kiota.

Ukimrudisha chotara kwa silki, nusu ya vifaranga watakuwa na sufi. Wako pia Marekani silki wa shingo wazi, waliotokana na kuchanganya silki na kuku wa aina ya kishingo, na kwa joto letu ningependa sana kumwona mtu wa hapa anajaribu kwa kishingo wetu. Ila tafadhali, chotara umuuze kama chotara.

Ununue nini, na lini

Mayai ya silki ni ya bei nafuu kuliko ndege mzima, lakini yakisafiri na pikipiki kutoka mbali mengi hayaangui. Vifaranga ni bahati nasibu ya madume. Ukiwa na uwezo nunua wakubwa watatu, jogoo na majike wawili wasio ndugu, uliowaona wakitembea na kula, na uwatenge wiki 3 kabla ya kuwakaribisha. Nunua Juni au Julai, masika yakiwa yamepita, wazoee banda kabla ya vuli. Mwenye nyumba Lushoto asijidanganye kwamba ubaridi unawafaa. Ukungu na manyunyu ni maji vilevile.

Kwa hiyo nikamjibu binti wa kaka yangu kwa kadiri ya nyumba yake. Anaondoka saa moja asubuhi kwenda kazini, anarudi magharibi, ua wake hauna uzio, na anataka mayai ya watoto na kuku wa sikukuu. Silki peke yao wangemliza. Kienyeji peke yao wangezagaa mpaka barabarani. Nilimfungia matetea wawili chotara na jogoo wa kienyeji kwenye tenga, akaondoka nao jioni ileile.

Alitaka na silki mmoja, yule mweupe niliyemuuguza shingo. Nikamwambia atamchukua banda dogo likiwa na bati na wavu juu. Bati limeshapigwa, fundi wa wavu anakuja Jumatatu, na silki yuko hapa amekalia mayai 7 ya kienyeji, leo ni siku ya 18.